Jumamosi Nane za Kuuliza Risasi

Saa kumi na moja na dakika arobaini alfajiri, siku ya Jumatatu, shemeji yangu aligonga mlango wa uani kwa kifundo cha kidole, mara mbili. Huyu ni mdogo wa mke wangu, mvuvi wa Kigwena anayevua ndagala, dagaa wa ziwani, na kwa kawaida hugonga mlango wa mbele kwa kiganja kizima huku akiitikia salamu ambazo hakuna aliyempa. Ile sauti ndogo ndiyo iliyonitoa kitandani.

Nilipofungua alikuwa ameegemeza baiskeli kwenye pipa la maji, beseni la ndagala likiwa bado limefungwa nyuma kwa mpira. Hakunisalimia. Alilifungua beseni, akaliingiza jikoni, akatumbukiza mkono ndani ya samaki mpaka kwenye kiwiko, akatoa kopo la maziwa ya unga lililoviringishwa kwa mfuko wa plastiki. Aliliweka sakafuni taratibu, kama mtu anayeweka yai.

"Shemeji," alisema, "ile kitu uliuliza, iko hapa."

Nilinyanyua kifuniko kiasi cha kupitisha mwanga wa simu. Zilikuwa risasi. Fupi, maganda yake yamegeuka rangi ya kahawia, zimepakwa mawese ili zisile kutu. Nilirudisha kifuniko. Mimi huhesabu kila kitu, hata vijiko baada ya wageni kuondoka. Zile sikuzihesabu.

Aliniambia kwamba alizikuta msimu uliopita alipokuwa akichimba shimo la kupanda mchikichi. Mtu fulani alizizika wakati wa vita na hakurudi kuzichukua. Alizifukia tena, akanyamaza. Juzi alizifukua kwa ajili yangu. Alikuwa amepita nazo kwenye bariye, kizuizi cha barabarani; askari wa zamu alimwomba kitoweo, naye akampimia viganja viwili vya ndagala kutoka juu ya beseni.

Ili ieleweke kwa nini mtu mwenye akili timamu alinifanyia jambo hilo, lazima nirudi nyuma miezi miwili.

Natengeneza injini za boti na pampu za maji hapa Rumonge. Sikusomea kazi hii. Niliisoma katika vitabu vya maelekezo, vya Kifaransa kwanza, kamusi ikiwa pembeni, baadaye na vya lugha nyingine nilizolazimika kuzifahamu nusu nusu. Wazazi wetu walikimbilia Tanzania. Mimi na kaka yangu tulizaliwa kule. Mimi nilirudi. Yeye alibaki, akapata uraia, na ana shamba upande wa Mpanda. Kila msimu wa uwindaji aliandamana na jirani mwenye bunduki na leseni, akambebea mizigo, akalipwa mguu wa ngiri au wa kongoni. Mwaka ule, baada ya kuomba kwa muda mrefu, alipata kibali cha kununua bunduki yake mwenyewe.

Kibali ni kimoja, na kaliba huandikwa ndani yake. Kaliba ni kipimo cha mtutu, na kwa hiyo cha risasi inayoingia humo. Ukishaandikiwa moja, bunduki yako haitakula kitu kingine. Kubadilisha ni kuanza safari upya, na kaka ana miaka hamsini na minane. "Wewe ndiye unayesoma," aliniambia kwa simu. "Nichagulie."

Muuzaji wa kule alikuwa na bunduki tatu. Ya kwanza ilikuwa nzuri kupita zote, chuma cha Ulaya, mbao yake inang'aa kama meza ya sebuleni. Ilikula risasi ya saba kwa sitini na nne. Ya pili ilikuwa nzito, imekwaruzwa, na bei yake kubwa. Ilikula ile ambayo wawindaji wa kule wanaiita thelathini-sifuri-sita. Ya tatu ilikuwa ndogo, nyepesi, rahisi kuliko zote, na ilikula risasi fupi, ileile ya bunduki za vita.

Kaka alinitumia picha za bunduki hizo. Nilisoma nilichoweza kupata juu ya nguvu na mwendo wa kila risasi, nikajaza kurasa nne, kisha nikazifunga. Pampu zimenifundisha jambo moja: pampu ambayo mpira wake wa kuzibia haupatikani Bujumbura ni chuma chakavu chenye rangi mpya. Kwa hiyo nilianza upya na swali moja tu. Kila Jumamosi saa nne asubuhi nilipiga simu kwa maduka matatu ya kule yanayoruhusiwa kuuza risasi, nikauliza kama kuna hata boksi moja leo. Sikuuliza bei. Sikuuliza kama zitakuja. Niliandika kilichokuwepo siku ile.

Jumamosi nane. Thelathini-sifuri-sita ilikuwepo mara saba. Ile ya bunduki nzuri ilikuwepo mara moja, maboksi mawili, na wiki iliyofuata yalikuwa yameondoka na mtalii. Ile fupi ilikuwa sifuri mara nane. Muuzaji mmoja alinicheka. "Mzee, hiyo si ya kuulizia dukani," alisema. "Hiyo muulize mwanajeshi."

Na bado kila niliyezungumza naye aliniambia kwamba hiyo fupi ndiyo rahisi kupata. Kaka mwenyewe alisema zimejaa pande zote za ziwa. Hapo ndipo nilipokosea. Sipendi kuacha neno la watu bila kulipima. Nilipokwenda Kigwena kumtengenezea shemeji injini, nilimuuliza, tukiwa tunakula, kama risasi za namna hiyo bado zinaonekana. Akauliza za nini. Nikamweleza habari ya kaka. Akasema labda. "Labda" haiandikiki katika jedwali, basi baada ya wiki mbili nilimuuliza tena.

Sasa, kwenye plaji, yaani ufukwe, anakouza shemeji, boti zinapoingia asubuhi wanunuzi huja kuuliza. Ukiuliza mara ya kwanza umesalimia. Ukiuliza mara ya pili umechukua. Mvuvi huvuta beseni nyuma ya miguu yake, huwakatalia wengine, na wewe huna budi kuja. Hakuna karatasi wala malipo ya mbele. Nimeishi hapa miaka kumi na sita na nimenunua ndagala kwa njia hiyo kila wiki.

"Sikuagiza," nilimwambia pale jikoni.

"Uliuliza mara mbili."

Hakuwa anatania, wala hakutaka pesa. Alikuwa ananiletea zawadi ya kumpa kaka yangu, na alishangaa kwamba uso wangu haukufurahi.

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni, kanga begani. Sijui alifika lini. Kwa mdogo wake alisema, kwa sauti ya chini sana, "Weye uko na akili gani? Mu nyumba ya batoto?"

Kabla hajajibu tulisikia filimbi mwisho wa barabara yetu. Moja, kisha nyingine upande wa ziwani, kisha ya tatu nyuma yetu.

Kila mtu wa mitaa hii anajua filimbi hizo. Ni msako. Polisi huzunguka mtaa, hakuna anayetoka, na wanapita nyumba kwa nyumba wakiwa na nyumbakumi, yaani jirani anayesimamia kikundi chetu cha nyumba. Wanaomba vitambulisho na daftari la nyumba, ambamo huandikwa kila anayelala humo, mgeni pia. Halafu wanatazama chini ya vitanda. Nimepitia misako mingi. Mara zote nilikuwa na daftari safi na kikombe cha chai mkononi.

Nyumba yetu ni ya kumi na moja kutoka kona. Kwa wastani huchukua dakika nne kila nyumba. Nilikuwa na dakika arobaini.

Shemeji alitaka kutoka kama alivyokuja, kopo chini ya samaki. Nilimwambia mduara umeshafungwa, na polisi wa kwanza atatia mkono. Mke wangu alitazama choo. Nilikifikiria choo kwa dhati. Lakini uzio wetu ni wa matete, jirani alikuwa tayari ameinama akiosha sufuria upande wa pili, na kitu kilichotupwa chooni ni kitu ambacho mtu alikitupa. Siku kikipatikana, hakuna atakayeamini kwamba kilikaa ndani ya nyumba saa moja tu. Shemeji akasema tukizike chini ya pipa la maji. Mwanamume mmoja anachimba alfajiri, mtaa mzima umeamshwa na filimbi. Nilikataa.

Lazima niandike na wazo jingine, kwa sababu lilikuwepo. Kaka huua wanyama wawili, watatu kwa msimu. Kopo lile lingemtosha yeye na wanawe. Ile bunduki ndogo ilikuwa ya bei rahisi kuliko zote, na zile sifuri nane za kwenye daftari langu zingeweza kujazwa asubuhi ileile. Ziwa ni pana, boti ni nyingi, na mimi natengeneza injini zao. Wazo hilo lilidumu muda wa kusuuza kikombe. Najua kwa sababu ndilo nililokuwa nikifanya.

Niliweka kikombe chini nikawaambia nakwenda kusema kabla hawajafika.

"Na huyu?" mke wangu aliuliza.

Hilo ndilo lilikuwa swali zima. Wakilikuta kopo wenyewe, tungekwenda jela mimi na shemeji. Nikilisema, huenda angekwenda peke yake. Ana watoto wanne. Mke wangu ndiye aliyemlea tangu mama yao alipofariki njiani wakirudi kutoka Tanzania.

"Nitasema mimi niliuliza," nilimjibu.

"Watamuchukua tu."

"Nitasema niliuliza, kwa sababu niliuliza."

Alinitazama kwa muda mrefu kuliko tuliokuwa nao. Kisha akachukua kiti cha jikoni, akakaa mbele ya lile kopo, akakunja mikono. "Basi nenda," alisema. "Hapa hakuna atagusa kitu."

Nilitoka mikono ikiwa mitupu na wazi. Walikuwa wamefika nyumba ya nne. Polisi wa kwanza aliniamuru nirudi ndani. Nilisimama pale pale, nikainua viganja, nikaomba kusema na mama nyumbakumi. Huyu ni mfanyabiashara wa mawese, sauti yake inasikika mpaka sokoni, na anafahamu nyumba zetu kuliko sisi wenyewe.

"Amahoro, mama," nilimsalimu.

"Rudi kwako, papa, zamu yako bado," alisema. "Ama leo bibi amekunyima chai?"

Polisi wawili walicheka. Nilisogea mpaka aliponisikia peke yake, nikamwambia kwamba kwangu kuna kitu cha vita, kimeingia alfajiri hii, na namwomba amlete ofisa kabla ya zamu yangu.

Kicheko kilitoka usoni mwake. Aliangalia mikono yangu, kisha miguu.

"Ni kubwa?"

"Ni kopo. Risasi."

"Za nani?"

"Za yule aliyezika. Aliyefukua ni shemeji yangu, na alifukua kwa sababu mimi niliuliza."

Alitema mate pembeni, taratibu. "Ungesema uliokota njiani," alisema, "ingekuwa fupi."

"Ingekuwa fupi leo, mama."

Akaenda kumnong'oneza ofisa. Sikuweza kusikia. Niliona tu kwamba alipokuwa akieleza alinionyesha kwa kidevu mara moja, na upande wa nyumba yangu, alikokuwa shemeji, hakuonyesha hata mara moja.

Ofisa alikuja na polisi watatu. Alikuwa mtu mkimya, wa umri kama wangu, miwani yake imefungwa uzi. Alilitazama kopo, akatutoa sote jikoni mpaka uani, akaketi kwenye stuli yangu ya kazi akaomba daftari la nyumba. Jina la shemeji halikuwemo. Mke wangu alieleza kwamba hakulala hapa, amefika alfajiri. Ofisa aliandika. Polisi mmoja aliendelea kupekua chumba ninamofanyia kazi, na ndipo alipotoka na daftari langu jingine.

Sikuwa nimelikumbuka. Nilikuwa nimefikiria kopo, choo, pipa, uzio, dakika arobaini, na lile sikulifikiria hata kidogo. Ndani yake kulikuwa na kaliba tatu zimeandikwa kwa rangi tatu, namba za simu tatu za Tanzania, tarehe za Jumamosi nane, na safu za maboksi ya risasi. Mstari wa chini kabisa nilikuwa nimeuwekea kichwa cha habari: "Upande huu wa ziwa". Nilikuwa nimejiandikia mwenyewe hati ya mashitaka, kwa mwandiko mzuri.

Alisoma bila haraka. Alifuata mistari kwa kidole, kama mtu anayejua kusoma jedwali. Shemeji alikuwa ameketi chini ukutani, magoti kifuani. Nilisikia ndagala zikianza kunuka jikoni.

"Hapa iko sifuri nane," ofisa alisema hatimaye. "Ni kaliba gani?"

"Hiyo ya kwenye kopo, shefu."

"Na huyu ndugu yako anataka bunduki gani?"

Nilimwambia ukweli, kwamba sijampa jibu, na kwamba jibu linatakiwa leo kabla ya saa sita, kwa sababu kaliba inakwenda kuandikwa katika kibali chake.

"Mupigie sasa. Weka sauti nje."

Nilikosea namba mara moja, nikapiga tena. Kule walikuwa wametutangulia kwa saa moja. Kaka alipokea, kuku wakisikika nyuma yake. Yeye huongea na simu kana kwamba ni bomba lililotandazwa chini ya ziwa.

"Kaka, shikamoo. Nimemaliza hesabu."

"Marahaba, marahaba. Haya nipe. Ile ndogo, siyo? Si ulisema utaniulizia na huko kwenu?"

Hakuna aliyesogea uani. Mke wangu alitazama ardhi. Shemeji alifumba macho.

"Niliuliza," nilisema. "Hazipo."

"Hazipo? Burundi? Usinichekeshe wewe."

"Kaka, nisikilize. Dukani hazipo hata siku moja. Na usichoweza kununua dukani ukapewa risiti, usikitegemee. Andika thelathini-sifuri-sita."

Kuku waliendelea.

"Ile nzito," alisema, na sauti yake ilikuwa imeshuka. "Mimi nilishatanguliza pesa kwa ile ndogo. Tangu wiki iliyopita. Muuzaji amesema hairudi."

Sikuwa najua. Alikuwa ameipenda ile ndogo tangu mwanzo, na alikuwa akingojea karatasi yangu ikubaliane naye.

"Iache."

"Unasema kama pesa ni yako."

"Iache, kaka. Wewe ni mkubwa wangu na sijawahi kukuomba kitu kwa simu. Leo nakuomba. Acha hiyo pesa, acha na hiyo bunduki."

Nadhani alisikia kitu katika sauti yangu. "Uko na watu hapo?" aliuliza.

Nilimtazama ofisa. Hakunikataza wala hakuniruhusu.

"Niko na watu."

"Basi," alisema kaka. "Thelathini-sifuri-sita." Akakata bila kuaga, jambo ambalo hajawahi kulifanya.

Ofisa alifunga daftari. Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akamwuliza mama nyumbakumi kama ananifahamu. Alijibu kwamba mimi ndiye mtu wa mtaa huu ambaye humrudishia mteja misumari iliyobaki. Alisema hivyo kwa kuchoka, si kwa kunisifu. Ofisa akaniambia nivae viatu.

Tulikaa kituoni, mimi na shemeji, mpaka saa tisa alasiri. Maelezo yaliandikwa mara mbili, yangu na yake, katika vyumba tofauti, na yalilingana kwa sababu hatukuwa na kitu cha kupanga. Walimpeleka Kigwena akawaonyesha shimo. Walichimba kwa majembe kulizunguka, hatua kumi kila upande, wakapata kipande cha turubai kilichooza na basi. Aliambiwa awe anakuja kusaini kila Ijumaa. Alisaini Ijumaa nne, na ya tano wakamwambia asirudi tena. Kopo walibaki nalo, na ukurasa wenye sifuri nane waliuchana wakaubakiza kwenye faili. Daftari lenyewe nilirudishiwa.

Mke wangu alimwaga ndagala zile, beseni zima. Kwa siku tatu alizungumza nami kuhusu chumvi na maji tu. Siku ya nne aliniuliza, akiwa amenigeuzia mgongo, ningefanya nini kama kaka angesema pale kwenye simu, mbele ya wote, kwamba anaitaka ile ndogo na hizo risasi zitumwe. Nilimwambia sijui. Nilikuwa nimeshalifikiria hilo kila usiku, na sijui.

Kaka alinunua ile nzito. Alilazimika kuuza mbuzi sita. Msimu wa kwanza alitumia risasi nne, akapata ngiri wawili, na alinitumia picha ya risiti ya boksi kabla ya picha ya nyama. Maneno ya simu ile hatujayarudia. Nilipomwambia yaliyokuwa yakitokea uani kwangu, alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama watoto waliona, nikasema hawakutoka chumbani mwao. Kuhusu pesa aliyoitanguliza, nilimpigia muuzaji mwenyewe mara tatu. Hakurudisha hata senti. Nilimtumia kaka nusu yake kwa wakala, akaikataa, nikaituma tena, akaipokea. Jumla iliyopotea ni shilingi laki tatu na elfu themanini za Tanzania.